Nurdini Alivyomkaribisha Mgeni wa Shaabani

Benchi letu lipo kando ya barabara hapa Kibiti, ubavuni mwa kibanda changu cha kuziba pancha, na watu wanaliita Bunge la Kiraka kwa sababu Kiraka ni mimi. Sikuliomba jina, nilibandikwa. Kila siku kabla ya alasiri Sijaona anakuja na birika lake, makaa chini, kahawa juu, sinia la kashata kichwani, na hapo ndipo kikao kinapofunguliwa. Wajumbe wa kudumu ni watatu, ukiniacha mimi mwenye ukumbi. Yupo Nurdini, tunamwita Waziri, kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kukiri kwamba kuna jambo asilolijua. Yupo Amri Bandari, aliyebeba mizigo bandarini Dar ujanani akarudi na Kiingereza cha kusoma kwenye makontena. Na yupo Mzee Ismaily, mkulima wa mpunga kule bondeni, ambaye kila jambo la dunia hii analivuta mpaka shambani kwake, litake lisitake.

Siku hiyo ajenda ilikuwa Shaabani. Huyu ana steshenari ng'ambo ya barabara, anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, anawatumia watu maombi yao mtandaoni. Hiyo ndiyo kazi ya kumlisha. Ana kazi ya pili, na hiyo ndiyo inayotuumiza vichwa. Nitaieleza kama nilivyoielewa, na mie nimeielewa nusu.

Kompyuta, anasema Shaabani, ina mfumo endeshi, ndio unaoiamsha na kuionyesha mkono wake uko wapi na mguu uko wapi. Mfumo ukizeeka, waliouunda wanaususa, wanakwambia nunua mpya. Sasa kuna mashine hazikubali mfumo mpya hata uzibembeleze. Moja iko zahanati fulani huko ndani Delta, mashine ya msaada ya kumtazama mtoto tumboni, inafanya kazi na kompyuta kongwe tu. Na mfumo kongwe usio na mlinzi ni nyumba isiyo na mlango, kirusi kinaingia hata kwa flashi ya mtu aliyekuja kuhamisha picha za harusi. Ndipo watu fulani wa nchi mbalimbali wakaandika programu ya kuulinda, ya bure, na wakaacha wazi namna ilivyotengenezwa ili yeyote aisome na kuirekebisha. Shaabani aliichukua kwa ajili ya mashine ile ya Delta. Akaona kasoro, akawaandikia. Akaona nyingine, akaiziba mwenyewe. Wale wenzake wakapungua, huyu kapata kazi, yule kachoka, na wa mwisho akaugua, akamwachia Shaabani funguo. Basi mtoto wa Bi Sihaba wa Mtawanya, muuza vitumbua, ndiye mlinzi wa makompyuta makuukuu ya dunia. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka. Sasa sicheki.

Siku hiyo Shaabani alivuka barabara macho mekundu, akakaa, akapokea kikombe asinywe. Alisema amechoka. Mchana anatoa kopi, jioni anaziba matundu ya programu, asubuhi anakuta watu wamemwandikia kwamba amechelewa. Waziri akaanza kumhoji kama kawaida yake, mkono mmoja nyuma.

— Hao watu wanakulipa?

— Hapana.

— Unawajua?

— Hapana.

— Na wanakutukana?

— Baadhi yao.

— Basi umerogwa, Shaabani. Mimi sioni jina lingine.

Amri Bandari alipinga. Alisema mtu aliyerogwa anaokota makopo, haokoti makosa ya wenzake. Mzee Ismaily akauliza hivi hizo kompyuta kuukuu kwa nini zisichinjwe zikaliwe, kwani ng'ombe mzee halindwi. Shaabani akaeleza tena, kwa upole, kwamba ile ya zahanati ikizimika kina mama wa visiwani watapakiwa kwenye boti mpaka huku kwa ajili ya kutazamwa tu. Mzee akatikisa kichwa kama aliyeelewa, halafu akauliza na boti je, nayo ina huo mfumo?

Kilichomleta Shaabani benchini siku hiyo alikitoa mfukoni, nacho ni simu. Kuna mtu, alisema, anajiita Delo. Ni mwaka na zaidi sasa Delo anamsaidia. Anatuma viraka, ndivyo wanavyoviita vile vipande vya kuzibia programu, na viraka vyake ni safi, na yeye ni mpole kuliko wote. Sasa anaomba apewe funguo, awe anaingia na kubadilisha chochote mwenyewe bila kumsubiri Shaabani. Na tangu aombe, wamezuka watu wengine ambao Shaabani hajawahi kuwasikia, wote wimbo mmoja: wewe umechoka, mpe Delo.

— Sasa tatizo liko wapi? akauliza Waziri. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ana mwaka mzima hana jembe. Nyie ndio mnaoharibu sifa ya wilaya.

— Jembe si funguo, Waziri, nikamwambia.

— Kiraka, wewe ziba pancha.

Hapo ndipo kikao kilipopamba moto. Amri Bandari alisema huyo Delo anamjua, yaani si yeye, ila aina yake. Kule bandarini meli kongwe hazizamishwi na uzee, zinazamishwa na wenye bima. Delo ametumwa na wauza kompyuta mpya. Anataka za zamani zife zote siku moja ili watu wapange foleni dukani. Na kwa kuthibitisha akasema fimbo ya mbali haiui nyoka, jambo ambalo hakuna aliyeona linathibitisha nini.

Mzee Ismaily alisema hapana, Delo ni nguruwe pori. Ukiwa juu ya dungu shambani, unalinda mpunga, nguruwe mmoja akiingia unasikia wanakoroma kumi, huku, kule, nyuma yako. Hao wanaosema mpe Delo, mpe Delo, ni Delo huyohuyo anazunguka shamba. Shaabani aliinua macho kwa hilo, nikaona limemgusa. Lakini mzee hajui kuliachia neno likiwa bado jema. Akaongeza kwamba nguruwe wa siku hizi wanafundishwa na viboko, na kwamba viboko ndio walioanza mambo ya mtandao, maana wao hushinda majini na bado wanajua mpunga wa nani umeiva.

Waziri aliwasikiliza wote kwa huruma ya mkubwa. Kisha akatoa lake.

— Yule aliyekuachia funguo, aliyeugua. Ulimzika?

— Yuko mbali, Waziri. Aliandika tu kwamba anaumwa, halafu kimya.

— Basi ndiye huyo. Amepona. Anaona haya kudai chake, kabadilisha jina. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Na nyie mnamwacha nje na kitu ni chake.

Sijui mtu anaanzaje kupinga kitu kama hicho. Unakigusa huku kinatokea huku.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Shaabani akaondoka na Mzee Ismaily kwenda msikitini, simu akaiacha mkononi mwa Amri, aliyekuwa bado anasoma barua za Delo taratibu, kidole chini ya kila neno. Mie nilikuwa na tairi la bodaboda, mikono yote grisi. Waziri alisema ataswali nyumbani. Amri alisema anamsubiri Waziri.

Amri ndiye aliyefika kwenye ukurasa wenyewe. Akasoma kwa sauti, Delo anaomba kuingia awe mshika funguo, ameomba tangu juzi.

— Tangu juzi, akasema Waziri. Na amejibiwa nini?

— Hajajibiwa.

Niliona uso wa Waziri ukibadilika, na nitasema ukweli, safari hii hakuwa anajifaragua. Aliudhika kweli. Alisema amekulia katika nyumba ambayo hata hasimu wa baba yake akipiga hodi anaitikiwa karibu, anapewa mkeka, anapewa maji, na kama ni kukataliwa anakataliwa akiwa ameketi. Hii ya kumwacha mtu mlangoni siku tatu kimya kama mkopeshaji, tumeitoa wapi? Nikamwambia aache simu ya watu. Akaniambia yeye hampi mtu funguo, anamwitikia hodi tu, mengine atayamaliza mwenyeji akirudi.

— Kuna Kubali na Kataa, akasema Amri. Karibu haipo.

— Inayofanana na karibu ni ipi?

— Labda Kubali.

— Basi anza na hiyo. Kukataa kutafuata akishakaa.

Waziri akabonyeza, simu ikauliza kama ana uhakika. Maskini simu, haikujua inamuuliza nani.

Waliporudi kutoka msikitini Waziri alisimama kumpokea Shaabani, kifua mbele, akamwambia tumemwitikia mgeni wako, adabu imerudi mahali pake. Shaabani alichukua simu, akatazama. Alikaa juu ya lile tairi nililokuwa nalijaza, nami sikumwambia aondoke.

— Hapa hapana baraza, Waziri, alisema. Ukisema karibu, mtu yuko chumbani na funguo za kabati anazo.

— Si utamwambia atoke?

— Kabla hajatoka anaweza kuweka kitu ndani. Nikiwatumia watu apdeti, kinakwenda kwa wote. Kinaingia kwenye kila mashine kwa jina langu.

Mzee Ismaily akasema basi mtoe. Waziri akaruka, akasema hapana, hiyo ni aibu kubwa kuliko ya mwanzo, umemkaribisha mtu hata kiatu hajavua unamtoa. Amri akasema mgeni njoo mwenyeji apone, kisha akanyamaza kuona kama hilo linamsaidia Waziri au linamwangusha, maana yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Walipandishiana sauti mpaka dereva wa lori akatoa kichwa dirishani kusikiliza. Shaabani alikuwa anatazama simu tu. Aliposema tena, alisema polepole, na nilimsikia mimi niliyekuwa karibu.

— Nilipoona mmekubali, moyo wangu ulifurahi, Kiraka. Nimeona kama mtu kanitua mzigo. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Delo alikuwa ameshaingia. Alikuwa ameandika asante, akaleta na kiraka papo hapo. Maelezo yake yalisema kinaziba tundu dogo kwenye sehemu inayokagua flashi. Shaabani akaanza kukisoma, akawa anasukuma kidole juu, anasukuma, hakiishi. Mie kwenye viraka mnisikilize, ni fani yangu. Nikauliza tundu ni dogo, mbona kiraka kirefu hivyo? Akasema wakati mwingine ndivyo inavyokuwa, na wakati mwingine sivyo. Akasema kinaweza kuwa kizuri kabisa. Angepata muda wa kukisoma chote kwa akili iliyopumzika angejua. Alisugua macho. Waziri alimwambia asome basi, sisi tutamshikia kikombe.

Hapo ndipo iliposimama bodaboda akashuka Mwamini. Huyu ni nesi wa ile zahanati ya Delta, anakuja Kibiti kuchukua dawa, na kila akija anapitia kwa Shaabani na flashi yake kubeba apdeti, kwa kuwa kule kwao mtandao ni wa kupanda juu ya mti. Akamwamkia Mzee Ismaily, akatusalimu sisi, akanyoosha flashi.

— Niwekee haraka, kaka Shaabani. Boti kule Nyamisati inaondoka maji yakijaa, hainisubiri mie. Na kesho nina kina mama wa kisiwa cha Maparoni wanakuja kutazamwa.

Shaabani hakuipokea. Mkono wa Mwamini ukabaki hewani. Ikabidi aelezwe, na kila mmoja akamweleza lake: Waziri hodi, Amri bima, Mzee nguruwe. Mwanamke wa watu aliwasikiliza wanaume wote watatu kwa pamoja, begi la dawa begani, akawa anageuza uso huku na huku. Walipoishiwa pumzi, akamuuliza Shaabani peke yake.

— Huyo mtu kwao wapi?

Kwetu hilo ni swali la mtoto mdogo. Hununui kuku kabla hujaliuliza, humwozi binti, humwachii mtu dungu lako hata kwa siku moja ya kwenda mazikoni. Amri akasema Ulaya. Waziri akasema kwao ni kulekule kwa marehemu aliyepona. Mzee Ismaily akafungua kinywa, nikamkanyaga mguu.

— Sijui, akasema Shaabani.

— Mwaka mzima unaandikiana naye?

— Tunaandikiana mambo ya kazi, dada. Kwenye kazi yetu hatuulizani.

— Mie ile mashine naiwasha kila siku kwa sababu namjua mama yako, akasema Mwamini. Hizo programu zenu mie sizijui. Nipe ile uliyoniwekea mwezi uliopita. Hiyo ya leo niachie, mpaka uisome weye mwenyewe.

Hakusema kwa ukali. Shaabani akavuka barabara naye, akampa aliyoitaka, ile ya zamani, na bodaboda ikaondoka na begi la dawa kuelekea Nyamisati. Aliporudi akasimama mbele yetu, akabonyeza simu mwenyewe bila kuuliza ushauri wa bunge. Alimtoa Delo, akakiondoa na kiraka chake. Funguo zikabaki kwake peke yake, kama zilivyokuwa asubuhi.

Mzee Ismaily akasema Alhamdulillahi, mpunga umepona. Amri Bandari akasema yeye alisema tangu mwanzo, jambo ambalo si kweli. Nami nilihisi tumeshinda kitu, sikujua kitu gani, nikamwambia Sijaona atuongeze kahawa. Akatikisa birika, yamebaki machicha.

Simu ikalia. Shaabani akaitazama muda mrefu, kisha akampa Amri, kama mtu asiyeamini anachokisoma. Alikuwa Delo. Tulitegemea matusi. Wengine humtukana kwa kuchelewa tu, sembuse huyu aliyefungiwa mlango baada ya kukaribishwa. Amri akasogeza simu mbali na macho, akasoma, akasoma tena ndani kwa ndani, akatutafsiria kwa sauti ndogo ambayo sikuijua kuwa ni yake.

— Anasema, samahani. Nimekosa nini?

— Na nini kingine? akauliza Waziri.

— Basi. Hapo tu.

Waziri alikohoa, akatazama barabarani. Mwizi anaweza kuandika hivyo, nilijua. Na mtu mwema aliyesaidia mwaka mzima bila senti, halafu akatolewa mbele ya watu kwa sababu hatumjui mama yake, naye ataandika hivyohivyo, neno kwa neno. Nilitafuta tofauti sikuiona. Mzee Ismaily alianza kusema kuhusu nguruwe, akaacha katikati.

— Nimjibu nini? Shaabani akatuuliza.

Kikao kizima, chenye dawa ya kila jambo kuanzia bei ya korosho mpaka vita vya ng'ambo, kiliinamisha macho kwenye vikombe vitupu. Shaabani akapokea simu yake. Akaandika neno, akalifuta. Akaandika lingine, akalifuta nalo.

— Kama alikuwa mtu mzuri, alisema, hatarudi tena. Na kwenye kazi hii nimebaki mimi tu.

Hatukuinuka. Sijaona aliokota vikombe vyake akaondoka, jua likapungua, wenye pancha wakaja nikawaambia wangoje. Shaabani alikuwa katikati yetu, bega kwa bega, ameinamia simu na bado hajaandika kitu. Benchi lilikuwa limejaa, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hayuko peke yake.